Fundi wa Mabawa

Tangu Fundi aondoke Johannesburg, watu wanamsifu mpaka nashindwa kumtambua. Kanisani wanasema alikuwa mpole. Kwenye kamati ya bwawa wanasema alikuwa baba wa watoto wote. Waliniomba niandike maneno machache juu yake, yabandikwe ubaoni kando ya picha ya bata bukini. Nikaandika kurasa nne, wakanirudishia wakisema ni ndefu tena zinahuzunisha. Basi nimeanza upya, kwa ajili yangu mwenyewe. Fundi hakuwa mpole hata kidogo. Alikuwa mkali, msiri na mbishi, na mimi nilimpenda hivyo hivyo.

Nilimjua miaka tisa. Alishona Jeppestown, ghorofa ya pili ya jengo lililokuwa kiwanda zamani, katika chumba alichogawana na Mtanzania mmoja mtengeneza viatu. Mara ya kwanza nilipanda zile ngazi na binti yangu Neema, aliyekuwa anaanza shule, tukitafuta mtu wa kumpunguzia sketi ya sare. Fundi alimtazama mtoto juu hadi chini, akachukua chaki, akaanza kuchora.

"Hupimi?" nikamuuliza.

"Nimeisha kupima, Mama. Macho ni ya nini?"

Sketi ilimkaa Neema kama aliyozaliwa nayo. Nikamwambia ameshona vizuri, akanijibu kwamba anajua. Kisha akaniuliza natoka wapi, nikamwambia Kenya, Voi, na kwamba nafanya kazi benki huku mjini. Akacheka kwa mara ya kwanza. "Ndiyo maana. Ninyi Wakenya munasema Kiswahili kama mutu anakimbia mvua." Yeye alitoka Uvira, kule Kongo ziwani, na Kiswahili chake kilitembea polepole na suti na tai, kama yeye mwenyewe. Suti alivaa kila siku, hata siku ya jua kali la Desemba. Alisema mtu asiyejua kesho atalala wapi sharti leo avae vizuri.

Alikuwa na mkasi mmoja mweusi, mzito, aliotoka nao Uvira ameuficha ndani ya soksi. Mkasi ule ulikata kitambaa tu. Siku moja nikiwa namsubiri amalize gauni langu, niliuchukua nikafungulia pakiti ya biskuti. Aliutoa mkononi mwangu, akaufuta, akaupaka mafuta ya cherehani, akaurudisha mahali pake, na hakusema nami kwa wiki tatu. Wiki tatu, na mimi ni mteja. Yule wa viatu ndiye aliyekuwa akinipokea na kuniambia, "Dada, leo bado. Jaribu Ijumaa."

Kuna jambo jingine lililotushangaza. Kwetu na kwao, mtu mwenye mtoto huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Mimi ni Mama Neema, na mkewe tulimjua kama Mama Furaha, kwa sababu walikuwa na binti aitwaye Furaha aliyekuwa anasomea uuguzi. Basi kanisani tukamwita yeye Baba Furaha. Hakuitika. Tukadhani masikio yana kasoro. Mzee mmoja wa kanisa akamwita kwa sauti mara tatu mbele ya watu, Baba Furaha, Baba Furaha, naye ametazama mbele tu, mpaka mzee akakaribia kumgusa bega. Ndipo akasema, "Fundi inatosha." Tukamwita Fundi, tukasahau kwamba kulikuwa na swali.

Sasa nije kwenye mabata.

Mashariki ya mji, si mbali na nyumba yangu, kuna bwawa ndani ya bustani ya umma. Kila mwaka baridi ikianza, mabata bukini wa porini huja hapo kwa makundi. Hukaa kipindi chote cha baridi, wengine hutaga kwenye matete, vifaranga huanguliwa kuanzia Agosti, na mvua zikishakolea mnamo Novemba, watoto wakiwa wameota mabawa, wote huondoka. Majirani wa pale, Wazulu, Wakenya wa kanisa letu, Wakongo, Warundi na wazee wachache wa Kizungu, waliwahi kusafisha bwawa lile pamoja lilipojaa takataka. Kutokana na usafi ule ikazaliwa sherehe: Siku ya Kuwaaga, Jumamosi moja ya Novemba, asubuhi. Mimi nikafanywa katibu kwa sababu ninaandika haraka, na Fundi akapewa kazi ya kuwashonea watoto mabawa.

Mabawa yale, jamani, mtu angeyaona. Aliyatengeneza kwa waya na kitambaa cha bitana, kahawia kwa juu, cheupe kwa ndani, na kamba ndogo kiunoni ambayo mtoto akiivuta mabawa yanafunguka. Kabla ya kumvisha mtoto, Fundi aliweka bawa moja kiganja hiki na jingine kiganja kile, akafumba macho, akayapima uzito. Likizidi moja hata kwa uzi, alifumua. Watoto arobaini wakizunguka bwawa na mabawa yale, hata wale vijana wa bweni la wafanyakazi wanaokunywa pale ukutani waliacha chupa zao wakatazama.

Hotuba ndizo hakuzipenda. Kila mwaka alipatikana mtu wa kusimama na kipaza sauti na kusema kwamba ndege hawana mipaka, na kwamba sisi wageni wa mji huu ni kama ndege. Watu wakapiga makofi. Fundi alikuwa akininong'oneza, "Mwambie yule bwana, ndege anarudia kwake." Mwaka mmoja, tena baada ya wiki ambayo maduka ya wageni yalikuwa yamevunjwa Soweto na sisi tumejifungia ndani, alimwambia msemaji mwenyewe usoni. Nikalazimika kuomba radhi kwa niaba ya kamati.

Lakini mabata aliwapenda kwa namna ambayo sikuielewa. Chini ya karakana yake kulikuwa na kiwanda kidogo cha mikate, na wale watu walimpa mikate iliyolala. Kila siku saa kumi jioni alifunga cherehani, akatwaa gunia lake, akatembea hadi bwawani kwa miguu, na suti yake, akawamegea mabata. Vifaranga walimjua. Walitoka majini wakimfuata kwa mstari mpaka kwenye benchi. Yeye mwenyewe hakula mkate. Nyumbani kwangu alikunywa chai kavu. Ukimsogezea sahani anasema ameshiba. Nilimtania: gunia zima unalibeba kila siku na kipande hukigusi, una mdudu gani? Akasema, "Si yangu, ni ya safari yao."

Hilo ndilo lililomkaa moyoni, na alilisema kila mwaka kwa maneno yale yale: waende wote, asibaki hata mmoja. Alikuwa na kopo la maziwa ya unga. Kifaranga akianguliwa, anatia kifungo ndani ya kopo. Akiliwa na mwewe, anakitoa na siku hiyo hasemi na mtu. Mabata wakiondoka, alikwenda bwawani alfajiri akahakikisha hakuna aliyebaki, ndipo akamwaga vifungo vyake mezani na kuvishona kwenye mashati ya watu. Mashati mengi ya Jeppestown yana vifungo vya mabata wala wenyewe hawajui.

Desturi yake ikawa yetu. Sisi wenye methali ya kumpa mgeni jembe siku ya tatu, mbele ya Fundi hatukuthubutu kuitaja. Kwake mgeni alishwe mpaka mlangoni, tena afungiwe na chakula cha njiani. Mwaka wa tatu wa sherehe, kila familia ilikuja na mkate wake. Mwaka wa tano niliandika mimi mwenyewe kwenye mabango, kwa Kiswahili, Kiingereza na Kizulu: Njoo na mkate, tuwape wa safari. Tulilisha bwawa lile miezi mitatu mfululizo kabla ya sherehe, kwa zamu, kwa orodha niliyoipanga mimi.

Karibu na bwawa anaishi bibi mmoja wa Kizungu, mwalimu mstaafu, darubini haimtoki shingoni. Watoto wanamwita Mama wa Ndege. Mwaka juzi alinijia nyumbani na karatasi yenye picha. Alinieleza taratibu kwamba vifaranga wakishibishwa mkate mwili unakua upesi kuliko mifupa, manyoya yanalizidi nguvu bawa changa, nalo linapinda kwa nje, na likishakomaa hivyo halinyooki tena. Chakula chao ni majani, akasema, na majani yamejaa bustani nzima. Akaniomba niwaambie wenzangu.

Nilimshukuru, nikampa chai. Alipotoka niliiweka karatasi kwenye droo ya jikoni, chini ya vitambaa vya meza. Mabango yalikuwa yamekwisha kuchapwa. Orodha ya zamu ilikuwa imepangwa. Na niseme ukweli wote, nilijisemea moyoni: Mzungu huyu anajua nini kuhusu mgeni na njaa? Hivyo ndivyo nilivyowaza, mimi mwenye digrii.

Mwaka ule alibaki bata mmoja. Tulisema ameumia tu, na baada ya siku mbili hatukumwona.

Mwaka jana Fundi alikuwa na vifungo ishirini na vitatu. Sherehe ilikwenda vizuri, mvua ya mawe ikatusubiri mpaka tukamaliza. Siku nne baadaye, saa kumi na mbili kasoro asubuhi, akanipigia simu. "Mama Neema, kuja." Nikavaa koti juu ya nguo za kulalia, nikaenda.

Kundi lilikuwa limeinuka. Walikuwa wanazunguka juu ya bwawa wakiita, na majini walikuwa wamebaki saba. Wale saba walikimbia juu ya maji, wakapiga mabawa, wakaishia katikati, wakarudi mwanzo. Wakakimbia tena. Kila walipofungua mabawa uliona ncha zimegeukia nje, kama mkono uliovunjika ukaungwa vibaya. Fundi alikuwa amesimama ndani ya maji mpaka magotini, na suti yake, anapunga mikono. "Inukeni," alikuwa akiwaambia. "Inukeni, banawaita." Sauti yake haikuwa kubwa. Wale wa juu walizunguka mara ya pili, na ya tatu, kisha wakanyoosha kuelekea kaskazini wakapotea.

Mama wa Ndege alikuwa amesimama nyuma yangu. Akaniambia kwa Kiingereza, bila ukali, "Nilikuonya." Fundi aligeuka. Kiingereza chake kilitosha kabisa kwa maneno yale.

"Anasema nini?" akaniuliza.

"Sijui," nikamjibu. "Sijui anasema nini."

Alinitazama kidogo, akarudi kuwatazama mabata.

Mbwa wa mitaani walianza siku ya pili. Kila asubuhi kulikuwa na manyoya kwenye nyasi. Fundi aliacha kazi za watu, akakaa bwawani kutwa na fimbo, lakini bwawa ni refu na yeye ni mmoja, na si mbwa peke yao waliokuwa na njaa mtaa ule. Siku ya tisa alibaki mmoja. Akamvulia koti, akamfunika, akambeba kwapani mpaka Jeppestown, vijana wakimcheka njia nzima wakimuuliza kama ni kitoweo cha Krismasi. Mtengeneza viatu aliniambia alipopanda ngazi alikuwa amekwaruzwa shingo yote na hakujua.

Jumapili iliyofuata hakuja kanisani. Nilibaki jikoni na Mama Furaha tukiosha vikombe vya chai, nikamuuliza kama mumewe anaumwa. Aliendelea kuosha kikombe kile kile muda mrefu. Kisha akanieleza, ameinamisha kichwa kwenye maji.

"Furaha si wetu wa kwanza, Mama Neema. Kuna kaka yake. Mguu wake ulinyauka akiwa mdogo, sababu ya homa. Siku tulikimbia, risasi zinalia, huyu Furaha iko mgongoni, baba yake na mizigo. Mama mukwe akasema tumuache kwake, mtoto wa mguu kama ile hakuna atamugusa, wiki mbili mutarudi. Alikuwa analia anataka kuja. Ndiyo baba yake akamupatia mkate. Mkate muzima. Akamuambia, ukimaliza kuula, tutakuwa tumerudi."

Nikachukua kikombe kingine nikakifuta.

"Mwaka ulipita, tukapata simu ya jirani, tukaongea naye. Akatuambia aliumaliza siku ile ile. Alijilazimisha mpaka akatapika, ili turudi upesi." Akaweka kikombe chini. "Alikuwa na miaka sita. Sasa iko mwanaume. Lakini baba yake, tangu ile simu, mkate hapana kula."

Nilirudi nyumbani nikaitoa ile karatasi kwenye droo. Niliiweka ndani ya mkoba, na nikatembea nayo miezi miwili kwa sababu mimi ni mwoga. Sina neno jingine la kujitetea.

Vita vilirudi kwao baada ya Krismasi. Ilikuwa kwenye simu zetu zote: watu wa Uvira wanavuka kwenda Burundi, na wanaovuka ni wenye miguu. Wakongo wa kanisani walikaa vikundi vikundi uani wakisikilizishana sauti zilizotumwa na ndugu zao. Fundi hakuwemo. Alasiri moja nikapanda zile ngazi za Jeppestown.

Cherehani ilikuwa imefunikwa. Mtengeneza viatu aliponiona alichukua sigara zake akashuka. Sakafu ilikuwa na magazeti na beseni la maji, na bata bukini alikuwa anatembea kati ya mabunda ya vitambaa, amekuwa mkubwa, mabawa yake yamechomoza pembeni. Fundi alikuwa ameketi kwenye kigoda, hana koti, hana tai. Sikuwahi kumwona bila tai. Miguuni pake kulikuwa na gunia lile lile, limejaa majani mabichi aliyoyachuma kando ya reli, na alikuwa akiyakata vipande vidogo vidogo kwa mkasi mweusi.

Nikauona ule mkasi umejaa utomvu wa kijani mpaka kwenye skrubu. Nikaketi juu ya bunda la kitambaa.

"Habari za kule?" nikamuuliza.

"Simu haiiti tena. Zamani ilikuwa inaita."

"Pole, Fundi."

"Asante."

Nikaitoa karatasi kwenye mkoba. Nikamwambia kila kitu: siku aliyokuja Mama wa Ndege, droo, mabango, na kwamba asubuhi ile nilisikia vizuri alichosema na nikadanganya. Nilikuwa nalia. Niliongea upesi upesi, Kikenya hasa, kama mtu anayekimbia mvua. Hakunikatisha. Nilipomaliza aliipokea karatasi, akaitazama ile picha ya bawa lililopinda, akanirudishia.

"Hii niko nayo," akasema. "Alikuja hapa pia, ule mwaka. Alipanda ngazi zote na magonjwa yake. Akanionyesha."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Sasa kwa nini uliendelea, Fundi?"

Alikata majani kidogo, akamsogezea bata. Bata akala.

"Walikuwa wanakuja mpaka kwa benchi, Mama Neema. Wananiangalia. Ningewaonyesha majani? Nikasema huyu mama hajawahi kuacha mtu na njaa, hawezi jua." Akakata jani jingine. "Miye najua kupatia mutu mkate na kuenda. Kitu ingine sijui."

Chini watu wa kiwanda cha mikate walikuwa wanapakia gari, harufu ikapanda mpaka juu. Aliniambia ataondoka mwisho wa mwezi, kwa basi, mpaka Bujumbura, na kutoka hapo atauliza njia. Sote twajua mkimbizi akirudi alikotoka karatasi zake za huku zinakufa, na Mama Furaha alikuwa amemlilia wiki nzima, na Furaha naye kwa Kizulu na Kiingereza, lugha anazolilia yeye. Nikamwambia pengine kijana ameshavuka. Akasema pengine. Nikamwambia atafika huko asimkute, na huku asirudi. Akasema analijua hilo pia. Kisha akaniomba, kama fundi anavyomwomba mteja, nimchukue bata nikamfuge uani kwangu, majani tu, mkate hapana, hata akililia. Nikakubali. Yuko hapa uani ninapoandika haya, na asubuhi wenzake wakipita juu hukimbia mpaka ukutani.

Nikamuuliza jina la mtoto. Akanitajia. Sitaliandika, ni lao. Lilikuwa jina la kawaida sana la kwao, nililisikia mara elfu kanisani, na kila mara yeye alikuwa ameketi pale analisikia pia.

Nikainuka nimuage. Pale mlangoni niligeuka, nikamwita kwa jina ambalo miaka yote tisa lilikuwa lake, Baba na jina la yule kijana.

"Naam," akaitika, hakuinua kichwa, akaendelea kukata majani.